Taja Wote: Mwongozo kwa Familia za Wakimbizi Zinazokutana Tena Uganda

Karani wa usajili anauliza swali fupi: "Familia yenu ni watu wangapi?" Anakutazama wewe na watoto wawili waliosimama nyuma yako na kandambili zisizolingana. Umelala njiani siku tatu, akili imechoka, unajibu kile ambacho hata yeye anakiona: "Watatu."

Hapo ndipo familia nyingi hutawanyika mara ya pili, safari hii kwenye karatasi.

Mimi nilivuka mpaka wa Bunagana Julai 2012, wakati waasi wa M23 walipoushika mji huo kwa mara ya kwanza. Nikapita Nyakabande kule Kisoro, kisha nikapelekwa Rwamwanja, kambi iliyokuwa imefunguliwa upya mwezi wa nne mwaka huohuo kwa ajili yetu Wakongo. Nilijibu "watano" wakati ukweli ni "sita". Mwanangu wa kwanza tulikuwa tumepoteana naye njiani, na mama mmoja kwenye foleni alininong'oneza, "Mutoto hasiko hapa usimuandikishe, watakurudisha nyuma." Nikamsikia. Kijana alipopatikana, mzima, anajifunza useremala Goma, ilinichukua zaidi ya miaka miwili kumwingiza kwenye karatasi ambayo ningemwandikisha kwa dakika moja. Tangu hapo nimekuwa nikiwatafsiria wageni wanaofika, na haya ndiyo ninayowaambia.

Hatua ya kwanza: mezani, hesabu na wasiokuwepo

Uganda, usajili wa wakimbizi uko mikononi mwa Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, ikishirikiana na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ambalo sisi tuliotoka Kongo bado tunaliita HCR. Utapigwa picha, utachukuliwa alama za vidole na mboni za macho. Mwaka 2018 wakimbizi wote nchini walihakikiwa upya kwa njia hiyo, kwa hiyo usidanganyike na anayekwambia utajiandikisha tena kambi nyingine kwa jina jipya na familia iliyokamilika. Mashine itakukumbuka.

Unachosema siku ile kinakaa kwenye faili lako. Miaka mitano baadaye, mtu mwingine kabisa, katika ofisi nyingine au hata nchi nyingine, atalifungua faili hilo na kulinganisha maneno yako ya leo na ya siku ile. Kwa hiyo kabla hujafika mezani kaa chini, chukua kalamu, andika kila mtu: uliokuja nao, mume au mke popote alipo, watoto wote uliowazaa, hata waliobaki kwa bibi, hata walioolewa, wazazi na wadogo zako waliokuwa wakikutegemea, na watoto wa watu unaowalea. Kisha mwambie karani wazi: "Hawa niko nao, hawa hawako hapa, naomba waandikwe wote." Akiwa na haraka, omba uonane na dawati la ulinzi, lile ambalo kambini watu wanaliita protekshen.

Yule ambaye hujui kama yu hai usimwue kwa mdomo wako. Sema, "Sijui alipo, mara ya mwisho nilimwona mahali fulani, mwezi fulani." Nimeona mama aliyesema mumewe amefariki, kwa sababu alidhani mjane anasaidiwa haraka. Mume akatokea baada ya miaka minne. Furaha ilikuwa kubwa nyumbani, lakini ofisini alionekana mtu wa kuja na mume wa kununua.

Kuna jambo lingine, na hili linatukwaza sisi kuliko watu wengine. Kwetu mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu, na dada ya mama ni mama. Lugha inakubali, mila inakubali, jirani anakubali. Fomu haikubali. Ukimwandikisha mtoto wa marehemu kaka yako kama uliyemzaa, leo hakuna atakayekuuliza. Siku kipimo cha damu au mate kitakapotakiwa, itaonekana umedanganya kwa huyu mmoja, na wale uliowazaa kweli nao wataanza kutiliwa shaka. Sema hivi: "Huyu ni mtoto wa kaka yangu, baba yake alifariki, ninamlea tangu 2019." Kulea si dhambi, wala si sababu ya kumtenga mtoto na wewe. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 na kanuni zake za 2010 zinatambua umoja wa familia, na ndugu wa mkimbizi aliyekwisha kutambuliwa anaweza kupata hadhi hiyo kupitia kwake. Huna haja ya kupamba.

Hatua ya pili: jina, herufi kwa herufi

Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona machozi mengi yaliyoletwa na herufi moja.

Sisi tunatoka kwenye nchi ya Kifaransa, tuna majina matatu: jina, jina la pili, na la ubatizo. Karani wa Uganda amesoma kwa Kiingereza na anaandika anavyosikia. Tchiza anakuwa Chiza, Jean anakuwa John, na kwa watu wa huku magharibi L na R ni ndugu, hivyo Lukara leo ni Rukara kesho. Mtoto mmoja anaandikwa kwa jina la baba yake, mwingine kwa jina lake tu, na kwenye karatasi hawaonekani kama wamelala tumbo moja. Tarehe ya kuzaliwa nayo: usipoijua, utaandikiwa tarehe 1 Januari. Nimekutana na familia ambayo baba, mama na watoto wanne wote walizaliwa tarehe 1 Januari, na wawili kati ya watoto waliandikiwa mwaka uleule. Mapacha wa karani.

Fanya hivi. Andika majina kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi na umpe karani akinakili, usimtamkie tu. Fuata tahajia ya karatasi ya zamani kama unayo: kadi ya mpiga kura, ile tuliyoitumia Kongo kama kitambulisho, kadi ya ubatizo, buleti ya shule, yaani ripoti ya alama. Kwa umri wa watoto, kumbuka matukio. Mtoto aliyezaliwa wiki Nyiragongo ilipolipuka mwaka 2021 ni wa mwezi wa tano, huhitaji kumpa Januari.

Ukipewa atestesheni, yaani ile karatasi ya familia yenye picha zenu, usiikunje ukaondoka. Simama palepale uisome: majina, jinsia, tarehe, uhusiano wa kila mmoja na kichwa cha familia. Usiyejua kusoma, mpe mtoto wa shule. Kosa lililoonekana siku hiyo hurekebishwa kirahisi. Likikaa miaka mitatu linahitaji hati ya kiapo, barua ya viongozi na nauli nyingi. Kisha piga picha karatasi hiyo kwa simu, na picha uitume kwa mtu unayemwamini aliye mji mwingine, maana shitingi, yale maturubai ya kuezekea, huvuja na nyumba za nyasi huungua.

Hatua ya tatu: kumtafuta aliyepotea

Mlango wa kwanza ni Msalaba Mwekundu wa Uganda, unaofanya kazi hii pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Wanafika kwenye vituo vya kupokelea wageni na kambini, wanatoa nafasi ya kupiga simu bure kwa dakika chache, wanapeleka barua fupi za kifamilia hata mahali ambako posta na mtandao havifiki, na wanafungua faili la kumtafuta mtu. Hakuna malipo. Barua zao huachwa wazi na husomwa, kwa hiyo andika habari za nyumbani tu: nani yu hai, nani amezaa, mko wapi. Usiandike habari za jeshi wala siasa, barua haitaenda.

Na wakimpata, hawakupi anwani yake mpaka yeye mwenyewe akubali. Wengine hukasirika. Mimi naona ni haki, kwa sababu si kila anayetafutwa anatafutwa kwa wema.

Faili zuri la utafutaji linajengwa na mambo madogo. Ukisema "namtafuta Kambale wa Beni" umesema karibu hakuna kitu, kwa sababu kwa Wanande Kambale ni jina la mtoto wa pili wa kiume, kila nyumba ina wake. Toa majina yote matatu, jina la utani, majina ya baba na mama, teritwari (wilaya), grupima (kundi la vijiji) na kijiji, jina la chifu, kanisa alilosali na kwaya aliyoimbia, shule, timu ya mpira, kovu mwilini, na mahali na siku mlipoachana. Mwanangu alipatikana kwa sababu nilitaja fundi aliyekuwa akimpelekea mbao kabla ya vita. Fundi alikuwa amekimbilia Goma, kijana akamfuata hukohuko.

Mlango wa pili ni sisi wenyewe. Siku ya chakula, siku ya soko, ibada ya Jumapili, vikundi vya WhatsApp vya watu wa Rutshuru, Masisi au Fizi: habari hupita humo upesi kuliko gari la ofisi. Lakini usiweke picha ya mtoto pamoja na jina lake, kambi na namba yako mahali pa wazi. Wapo wanaoisoma kama tangazo la biashara. Kesho utapigiwa simu: "Mtoto wako tuko naye mpakani, tuma laki tatu ya gari." Usitume hata shilingi. Omba uongee na mtoto, umwulize kitu ambacho hakuna mwingine anakijua: mbuzi wetu mweupe tulimwitaje, bibi alikuwa akiweka wapi chumvi. Tapeli atakata simu.

Hatua ya nne: kumfikisha alipo mwenzake

Aliyeko bado Kongo akivuka, apite njia rasmi ajiandikishe, awe amepitia Bunagana, Ishasha au Mpondwe, au kwa mtumbwi Ziwa Albert hadi Sebagoro. Kosa la kawaida ni ndugu kumtumia nauli ya basi aje moja kwa moja kambini, Nakivale au Kyaka II, akalala kwenye nyumba yenu bila karatasi. Afanye hivi badala yake: kwenye kituo cha mpito aseme mapema kwamba ana mama au mume Uganda, ataje jina la kambi, zoni na kijiji, na aonyeshe picha ya atestesheni yenu kwenye simu. Magari ya kuwasambaza watu hupangwa kwa orodha, naye ataomba kuwekwa kwenye orodha ya kambi yenu. Akishapakiwa kwenda kambi nyingine, kumrudisha kwenu ni kazi ya miezi.

Ikiwa wote mmekwisha kuandikishwa Uganda lakini kambi tofauti, unaomba uhamisho. Anza kwa mwenyekiti wa RWC wa kijiji, yaani kamati ya wakimbizi, akupe barua. Kisha ofisi ya kamanda wa kambi, ambaye ni mtu wa OPM, na dawati la UNHCR. Beba atestesheni za pande zote mbili. Ombi liandikwe na wote wawili, kila mmoja kwenye kambi yake. Ombi la upande mmoja hulala, kwa sababu ofisi haitaki kumpeleka mwanamke kwa mwanaume anayemtafuta kwa nguvu.

Mtahojiwa kila mtu peke yake, na maswali yatafanana: nyumba yenu ilikuwa na milango mingapi, nani alilipa mahari, mtoto wa tatu alizaliwa hospitali au nyumbani. Usimfundishe mwenzako majibu. Familia zilizokaririshwa hujibu sawasawa mno, mpaka idadi ya kuku, na hilo ndilo linaloshtua. Mke na mume wa kweli hutofautiana juu ya mwaka wa ndoa. Hujui, sema hujui. Ndoa yenu kama haikuwa na cheti, na nyingi zetu hazina, leteni picha ya siku ya mahari, barua ya kanisa, kadi za kliniki za watoto, hata ujumbe wa simu wa miaka ya nyuma.

Mtoto aliyevuka peke yake ana njia yake. Kuna wafanyakazi wa ulinzi wa watoto watakaokaa naye, wamsikilize, waangalie kama kweli ni heri yake akae na huyo anayejiita shangazi. Watakuja kwako, watatazama anapolala. Usikasirike. Mchukue mtoto ukiwa umeandikwa kama mlezi, hata kama unamfahamu tangu akiwa tumboni, kwa sababu mlezi asiye na karatasi hawezi kumpeleka hospitali kubwa wala kumdai shuleni.

Kisa kikikwama, piga 0800 32 32 32, simu ya malalamiko ya UNHCR na washirika wake. Ni bure, wana wanaozungumza Kiswahili, na ukipewa namba ya lalamiko iandike. Kwa mambo ya kisheria, kama hati za kiapo au mume anayekataa kuwaachia watoto, Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere hutoa msaada wa wanasheria. Na mtu yeyote anayekuomba pesa ili "asukume faili", hata akiwa na kitambulisho shingoni, anakuibia.

Kama mmoja wenu yuko, au atapelekwa, nchi ya tatu

Hapa ndipo kule kutaja wote kunapolipa au kunapodai. Kanada ina utaratibu wa mwaka mmoja: mkimbizi aliyefika anaweza kuomba mke au mume na watoto waliobaki, mradi aliwataja kabla ya kuondoka na aombe kabla mwaka haujaisha tangu alipofika. Mtoto anahesabika akiwa chini ya miaka 22 na hajaoa wala kuolewa. Marekani sheria yake inatoa miaka miwili tangu kufika, kwa mwenzi wa ndoa na watoto wasio na ndoa walio chini ya miaka 21.

Haya nakwambia ujue kanuni, lakini milango yenyewe imebana. Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, na watu waliokuwa wameshauza vitanda walirudi kuvinunua. Ujerumani kuanzia Julai 2025 ilisitisha kwa miaka miwili kuwaleta ndugu wa wale wenye ulinzi wa ngazi ya pili. Uingereza nayo Septemba 2025 ikaacha kupokea maombi mapya ya kuunganisha familia za wakimbizi. Kwa hiyo usipange maisha ya watoto juu ya simu ambayo haijapigwa. Hakikisha tu jina, simu na familia yako ni sahihi kwenye faili, kisha lima shamba.

Jambo moja ambalo vijana hawapendi kulisikia: kuoa au kuolewa katikati ya mchakato hubadilisha kila kitu. Binti wa miaka 20 aliyeolewa kimya kimya si mtoto tena kwenye fomu ya baba yake. Akificha ndoa, anamfukia mume wake, na kesho mtoto wao. Mwambieni ofisa kabla ya harusi, si baada.

Kama kipimo cha DNA kitaombwa, kinachukuliwa kwa pamba ndani ya shavu, hakiumizi mwili. Kinaweza kuumiza nyumba. Mama, ikiwa kuna mtoto ambaye baba anamdhania wake na sivyo, na vita vilileta watoto wengi wa namna hiyo, omba kuonana na ofisa wa ulinzi peke yako kabla ya siku ya kipimo. Wamekwisha kusikia mengi, hutakuwa wa kwanza.

Wiki za kwanza chini ya paa moja

Watu hupiga ngoma siku ya kukutana, na ni haki yao. Hakuna anayewaambia juu ya Jumanne inayofuata.

Mwanaume mmoja wa kijiji chetu alimkuta mke na watoto baada ya miaka saba. Jioni ya kwanza aliomba simu ya mke na namba ya siri ya mobile mani, "kwa sababu baba amerudi". Yule mama kwa miaka saba alikuwa amelima, amejenga, amezika mtoto mmoja peke yake. Mtoto wa miaka tisa, aliyemwacha ana miwili, alisimama katikati akasema, "Mgeni, hiyo simu ni ya mama." Kijiji kilicheka. Baba hakucheka.

Ushauri wangu, na wazee wengine hawautaki: miezi sita ya kwanza msibadilishe kichwa cha familia kwenye karatasi. Anayeshika kadi aendelee kuishika. Anayerudi apewe kazi inayoonekana, kama kukarabati choo, kulima upande wa bonde au kumpeleka mdogo shule kila asubuhi. Watoto watamzoea kwa njia ya shule kuliko kwa amri. Usiwalazimishe kumwita baba. Jina hilo litakuja lenyewe siku atakapowatetea kwa jirani.

Usimwulize mwenzako usiku wa kwanza yaliyompata. Wala usimwulize mtoto aliyekuwa na wanajeshi. Waache walale, wale, waoge. Yatatoka kidogo kidogo, mara nyingi wakati mnachambua maharage na mikono ina kazi. Yasipotoka, na mtu halali, au anapiga, au anakunywa mpaka anadondoka, nenda kituo cha afya uulizie mshauri, na usimpeleke kwanza kwa anayetoa pepo.

Na ikiwa katika miaka ile kila mmoja alidhani mwenzake amekufa, mwanaume akaoa mwingine, au wewe mama una mtoto na mwingine? Hili lipo nyumba nyingi kuliko tunavyokubali. Semeni ukweli ofisini, mwombe kila mama aandikwe pamoja na watoto wake, na itaneni wazee wa pande zote mkae chini ya mti kabla ya kuitana polisi. Nimeona wake wawili wakiamua mambo kwa busara wakati mume amejificha sokoni.

Kula, kusoma, kupanga

Mtu aliyeongezeka haji na mgao wake siku hiyohiyo, na siku hizi huenda asije nao kabisa. Tangu 2023 chakula na pesa za WFP, Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa, Uganda hutolewa kwa makundi kulingana na uhitaji, na mwaka 2025 watu takriban milioni moja waliondolewa kwenye msaada huo kwa sababu fedha zilikwisha. Kabla hajafika, panda kitu kinachokomaa upesi, mboga za majani au maharage. Usitegemee kiwanja cha pili: viwanja vimekuwa vidogo kadiri watu walivyoongezeka.

Mkimbizi Uganda ana haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Wengi hukimbilia Kampala wakisikia hivyo. Nenda, lakini ujue mjini hakuna posho ya bure. Muzigo, yaani kile chumba kimoja cha kupanga kule Katwe au Nsambya, mwenye nyumba huenda akataka kodi ya miezi mitatu mbele, juu yake maji na yaka, yaani umeme wa kulipia kabla. Familia iliyokutana jana isihame nzima kesho. Mmoja atangulie kwanza, apange, ajitambulishe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, aone kama vitenge vinauzika, halafu wengine wafuate. Likelemba, ule mchango wa kupokezana pesa, mliyoianza kambini msiivunje. Hiyo ndiyo benki inayokujua jina. Laini ya simu isajili kwa kitambulisho chako cha mkimbizi au atestesheni, kwa jina lako, si la bodaboda.

Watoto wapelekwe shule wiki hiyo hiyo. Aliyekuwa darasa la tano kwa Kifaransa huenda akarudishwa la tatu kwa sababu ya Kiingereza, na atalia. Mwambie kiingereza ni kama baiskeli, utaanguka mbele ya watu halafu utawapita. Waliozidi umri waulizieni mafunzo ya haraka yanayobana madarasa ya msingi katika miaka michache. Wenye vyeti vya sekondari ya Kongo hupeleka UNEB, baraza la mitihani, vilinganishwe, wa chuo kikuu hupeleka NCHE, baraza la elimu ya juu; tafuta kwanza tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa.

Kiswahili chetu kitakusaidia kwa askari, kwa madereva, kwa Wakongo na Warundi. Kwa mama wa sokoni Kampala kinaweza kumfanya akunje uso, kwa kuwa waganda wengi wa umri wake walikisikia kwa mtu mwenye bunduki. Serikali iliamua Julai 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, na watoto watakuja kukizungumza bila hofu. Mpaka hapo jifunze kusema kwa Kiganda ssebo (bwana), nnyabo (mama) na webale (asante) kabla ya kuuliza bei ya nyanya. Isingiro, Runyankole kidogo hushusha bei kuliko ubishi.

Na atakayezaliwa huku, baada ya nyinyi kukutana, aandikishwe. Chukua karatasi ya kituo cha afya alikozaliwa, uombe cheti cha kuzaliwa kwa utaratibu wa NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, kisha umpeleke OPM aongezwe kwenye atestesheni akiwa bado mchanga. Cheti hicho hakimpi uraia wa Uganda, kinasema tu alizaliwa lini, wapi na kwa nani. Mjukuu wangu, mtoto wa yule seremala, tulimpeleka ana wiki tatu. Karani aliandika Bahati kwa T mbili. Baba yake akamwomba kwa upole aifute moja, tukasubiri palepale dirishani mpaka karatasi ikatoka upya.